Chui 20 au 13? Hesabu ya picha za kamera kando ya Ruaha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji huku Idodi, Iringa. Kila kiangazi tunategesha kamera kwenye eneo la jumuiya yetu linalopakana na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2023 tulipata chui 12. Mwaka 2024 tulipata 10, na kati yao 6 ni wale wa 2023. Kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alizidisha 12 kwa 10, akagawa kwa 6, akasema tuna chui 20. Mwenyekiti ameshaandika kwenye taarifa. Je, ni sahihi? Na wale 6 ambao hawakuonekana tena, tuseme wamekufa? Mwaka 2025 wanne wa lile kundi la kwanza walionekana, mmoja wao alikuwa hajaonekana kabisa 2024.

JIBU: Marahaba, na kamwene huko Idodi. Nianze na mwenyekiti: hiyo 20 aitoe kwenye taarifa kabla haijafika wilayani. Kijana wenu hajakosea kuzidisha wala kugawa, ila kanuni ameitumia pasipo mahali pake.

Kanuni yenyewe ni ya siku nyingi. Petersen, Mdenmark, aliwatia alama samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln akaitumia kwa bata wa Marekani mwaka 1930. Hata muuza maharage wa hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ataielewa. Chota konzi moja kwenye debe, hesabu, tia kila punje wino, rudisha, koroga vizuri, kisha chota tena. Kama nusu ya konzi ya pili ina wino, basi yale uliyotia wino mwanzo ni karibu nusu ya debe zima. Kwenu, 6 kati ya 10 walikuwa na "wino", kwa hiyo wale 12 ni sehemu sita ya kumi ya wote. Ndiyo hiyo 20.

Lakini debe lazima liwe limefungwa kati ya mchoto wa kwanza na wa pili. La kwenu lilikaa mwaka mzima limetoboka chini huku linajazwa juu: wapo waliokufa, wapo waliohama, na watoto wamekua wakaanza kujitembeza mbele ya kamera. Vifo vingekuwa peke yake, kanuni ingekupa idadi ya 2023. Kungekuwa na wageni tu, ingekupa ya 2024. Vyote viwili vikitokea pamoja, inakupa namba kubwa kuliko ya mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Chui 6 kati ya 12 kurudi kwenye picha ni nusu, ila hiyo nusu imebeba mambo mawili: chui awe hai, halafu kamera imnase. Mtazame huyo mmoja aliyepotea 2024 akatokea 2025. Mwaka 2024 alikuwa hai, hilo halina ubishi. Labda alipita nyuma ya kamera, labda betri ilikuwa imekwisha. Basi kati ya wale wanne walioonekana 2025, ambao kwa hiyo tunajua kwa hakika walikuwa hai 2024, kamera za 2024 zilinasa watatu, yaani 0.75. Gawa 6 kwa 0.75, unapata 8. Kwa hiyo kati ya 12, wanane hivi walikuwa bado wapo, asilimia 67. Katika sita waliopotea, wawili walikuwepo hamkuwaona tu. Na ukigawa wote 10 wa mwaka 2024 kwa 0.75, unapata chui 13.

Ni 13, si 20. Lakini na hiyo 13 usiitembeze peke yake. Angetokea mwingine mmoja kama yule aliyejificha, kamera zingekuwa zimenasa 3 kati ya 5, na kuishi kungeruka hadi asilimia 83. Paka mmoja tu!

Njia hii ilikamilishwa na wanatakwimu: Cormack mwaka 1964, kisha Jolly na Seber mwaka 1965, kila mtu kivyake. Jolly huyohuyo ndiye aliyeandika mwaka 1969 namna ya kukokotoa sensa za wanyama wanaohesabiwa kutoka angani kwa ndege, ambazo huku kwetu tunazijua. Sensa za Ruaha na Rungwa zilitoa tembo 20,090 mwaka 2013, 8,272 mwaka 2014, na 15,836 mwaka 2015. Tembo hubeba mimba karibu miezi 22. Hawezi kuzaa akajaza pengo hilo ndani ya mwaka. Namba za namna hiyo zisomwe pamoja na kiasi chake cha kukosea.

Jambo jingine: "hayupo" si "amekufa". Chui aliyevuka kuingia hifadhini akahamia huko, kwa hesabu yenu ni marehemu. Andikeni "waliobaki eneo letu".

Na picha zenyewe mmezikagua? Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Niliwahi kukaa wiki nzima na picha ukutani, nikajivunia chui 9. Usiku mmoja nikaona jike mwenye sikio lililochanika amepigwa kushoto kwenye kamera moja na kulia kwenye nyingine, nami nimempa majina mawili. Nilipoanza upya walibaki 7. Kama kila kituo chenu kina kamera moja, chagueni ubavu mmoja tu na muache mwingine. Mkipata fedha, wekeni mbili zitazamane.

Kiangazi kijacho fanyeni siku 60, mzigawe mafungu sita ya siku kumi. Ndani ya siku 60 debe limefungwa, kati ya mwaka na mwaka liko wazi. Pollock alipendekeza mpango huo mwaka 1982. Kiwango cha kuishi cha 2024 hadi 2025 hatuwezi kukitenganisha na cha kuonekana mpaka picha za 2026 zije.

Kwa sasa nitumie jedwali: kila chui mstari wake, 1 akionekana, 0 asipoonekana. Yule wenu aliyejificha ni 101.