Maswali ya wasomaji: presha ya dereva, homa ya welda, na soja wa usiku

Daktari, habari ya kazi. Mimi ni dereva wa matatu ya Nakuru–Kisumu, niko na miaka 46. Juzi kulikuwa na watu wanapima presha bure pale stejini wakaniambia iko juu, nikaenda hosi ikasoma 160 kwa 100, nikaandikiwa dawa. Shida ni hiyo dawa inanikojoza, hata sijafika Londiani nataka kusimamisha gari na abiria wameanza kelele, nikaiacha. Halafu mbona makanga wangu tuko rika moja, anakula smokie na chips kunishinda, na presha yake iko sawa? Ama ni usukani ndio mgonjwa?
*Dereva, Nakuru*

Ndugu yangu, swali lako la makanga liliulizwa London kitambo. Kulikuwa na daktari mmoja anaitwa Jerry Morris, mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kufuatilia wafanyakazi wa mabasi ya huko, yale ya ghorofa mbili unaona kwa picha. Wanaume kama 31,000, wa miaka 35 hadi 64. Uzuri wa hao watu ni kwamba dereva na konda maisha yao yanafanana, mtaa ni ule ule, chakula ni kile kile, moshi wa jiji wanavuta wote, lakini dereva anakaa karibu shifti nzima na konda anapanda anashuka ngazi akikata tiketi, ngazi 500 mpaka 750 kwa siku moja. Majibu yakatoka 1953 kwa jarida la Lancet: madereva walikuwa wanapata ugonjwa wa mishipa ya moyo kuliko makonda, na konda akiupata unamjia akiwa amezeeka zaidi na haumkamati vibaya hivyo. Akaangalia pia watu wa posta, wale wa kupeleka barua kwa miguu na baiskeli dhidi ya wale wa kukaa ofisini na kwa simu, hadithi ikawa ile ile.

Lakini usikimbilie kumpa makanga usukani bado. Morris huyo huyo akaenda kuangalia rekodi za sare za kampuni, kiuno cha suruali ni inchi ngapi, na 1956 akaandika kwamba madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makonda hata wale vijana. Sasa jiulize, ni kiti kilichowanenepesha ama ni watu wenye miili hiyo ndio walipenda kazi ya kukaa? Mimi hapo ndipo huo utafiti unaponipendeza, mtu amepata jibu tamu na bado anaenda kutafuta kitu kinachoweza kuliharibu. Baadaye akafuata wafanyakazi wa serikali, wote wa kukaa ofisini, na kufikia 1973 akaonyesha kwamba wale waliokuwa wakifanya mazoezi ya nguvu wakitoka kazini walipata shida ya moyo kidogo kuliko wenzao. Kwa hivyo mwendo wenyewe una kazi yake, si mwili wa kuzaliwa tu.

Makanga wako wa nissan hapandi ngazi yoyote, ni kweli, lakini mwangalie siku nzima: anaita abiria, anarusha gunia la viazi kwa keria, anashuka Salgaa, anashuka Mau Summit, anadandia gari ikitembea (hiyo siisifu), na wewe kinachocheza ni mguu wa klachi. Sisemi hiyo ndiyo sababu presha yake iko sawa, utafiti wa London ulikuwa wa moyo na presha pia ina mambo ya ukoo, ya chumvi na ya umri. Na asijidanganye na hizo smokie.

Kuna kingine hukuuliza lakini mimi nitakuambia, masaa. 2021 WHO na ILO, shirika la kazi duniani, walitoa hesabu yao, kwamba mtu anayefanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki yuko kwa hatari ya stroki asilimia 35 zaidi ya yule wa masaa 35 hadi 40, na hatari ya kufa na ugonjwa wa moyo asilimia 17 zaidi. Wewe ukiamka saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa mbili usiku, siku sita, hata tukitoa muda wa kungoja gari ijae, 55 umeipita kabla wiki haijaisha. Sheria za PSV, yaani magari ya abiria, za 2014 zinasema dereva asizidi masaa nane ya kuendesha kwa siku, sema hesabu ya mwenye gari haijawahi kusoma hiyo sheria. Kama kuna kijana wa skwodi, yule wa kukupokea usukani, unayemwamini mpe tripu moja, na hiyo nafasi utembee, usiende kulala nyuma ya gari. Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka ndizo WHO wanaomba kwa uchache, na kutoka steji ya Kisumu ukazunguka kidogo ukarudi unazipata pole pole.

Sasa dawa. Hapo nakukaripia kidogo kama kaka: usiache kimya kimya. Presha ya 160 haiumi, ndiyo maana unajiona uko fiti, na mara nyingi mtu anajua ilikuwa kali siku mdomo umeenda upande. Rudi kwa yule aliyekuandikia umwambie kazi yako ni barabara, mkojo unakusumbua. Zile za kukojoza ni aina moja tu, ziko zingine za presha ambazo hazikupeleki choo hivyo, na hata saa ya kumeza inaweza kupangwa upya. Wengi hawasemi, wanaacha tu, na daktari anabaki akifikiri dawa haifanyi kazi. Pia usijinyime maji ili usikojoe njiani, figo haijui ratiba ya Kericho. Na kama unatafuna miraa ama muguka ndio usisinzie, jua inapandisha presha na kukimbiza moyo, huwezi kuwa unateremsha na dawa huku unapandisha na majani. Mtaani kwenu ukimpata yule mama wa CHP, wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, wengi walipewa mashine ya kupima presha kwa ile mikoba ya 2023, mwombe akupime ukiwa umepumzika, tunataka chini ya 140 kwa 90.

Dokta, mimi ni welda hapa Kibuye, Kisumu. Nikichomelea paipu za maji zile za kung'aa, jioni natetemeka, kichwa kinauma, mdomo una ladha ya chuma, asubuhi ya pili niko sawa. Jumatatu ndio mbaya zaidi. Nimemeza dawa za malaria mpaka nimechoka. Wazee wa kazi wanasema nikunywe maziwa.
*Fundi, Kisumu*

Fundi, hizo paipu za kung'aa zimepakwa zinki. Ukizichoma zinki inageuka moshi mweupe, unauvuta, na baada ya masaa kadhaa mwili unaleta homa ambayo ukiiangalia tu utaapa ni malaria. Inaisha kwa siku moja ama mbili. Jumatatu inakuwa kali kwa sababu ukiuvuta kila siku mwili unazoea kidogo, Jumapili unapumzika mazoea yanapotea, kwa hivyo hiyo Jumatatu yako ndiyo imenifanya nishuku kazi yako kuliko mbu.

Shida ya Kisumu ni ukitetemeka watu wanasema malaria hujamaliza sentensi, na kusema ukweli mara nyingi wako sawa, kanda ya ziwa ndiyo inaongoza Kenya kwa malaria. Kwa hivyo pima kila mara, usimeze AL, ile dawa ya malaria, kwa kukisia, na ukifika kwa daktari anza na kazi yako kabla hujataja kichwa. Mwitaliano mmoja, Ramazzini, aliwaambia madaktari zaidi ya miaka 300 iliyopita wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani, na bado kuna vyumba vingi hilo swali haliulizwi.

Maziwa kunywa kama unayapenda, lakini yanaenda tumboni na moshi uko mapafuni. Kinachosaidia ni kuondoa zinki kwa grainda pale unapochomelea, ukiwa na maski ya vumbi, kufanyia kazi nje, na kusimama upepo usikuletee moshi usoni. Kitambaa cha mdomo hakizuii huo moshi. Tangu 2017 shirika la WHO la utafiti wa kansa limeuweka moshi wa kuchomelea kwa orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, pamoja na ule mwanga wake, kwa hivyo hiyo miwani ya jua ya mtumba iweke ya kuvaa Jumapili, nunua glasi ya kazi. Pumzi ikikatika ama homa ipite siku mbili, nenda hosi siku hiyo hiyo na useme ulichomelea nini.

Mimi ni soja wa usiku, Bungoma. Ni kweli kazi ya usiku inaleta kansa?
*Mlinzi, Bungoma*

Shirika hilo hilo la WHO la utafiti wa kansa, 2007 na tena 2019, lilisema *kuna uwezekano mkubwa* inaleta, likaiweka kundi la 2A, chini ya lile la vitu vilivyothibitishwa. Elewa hapo: hayo makundi yao yanapima ushahidi una nguvu gani, hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani, nyama nyekundu nayo iko kundi lako. Cha kukusaidia leo ni usingizi wa mchana, na nyumba ya mabati saa saba ni tanuri, kwa hivyo lala mara tu ukifika asubuhi, dirisha liwe na pazia zito, na watoto wapelekwe wakachezee kwa jirani.