Takwimu za ukatili kwa watoto kwa kabila: nilizitafuta, nilichokuta ni hiki

Mkuu, umeuliza wapi utapata takwimu rasmi za ukatili dhidi ya watoto Tanzania zilizochambuliwa kwa kabila, kwa ajili ya utafiti wako wa shahada. Jibu fupi: hazipo. Mimi mwenyewe nilizitafuta kwa swali hilohilo, nikapoteza karibu miezi minne, kwa hiyo acha nikuoneshe nilipokwama usije ukapita njia ileile.

Nilianzia dawati la jinsia na watoto la kituo kimoja cha polisi Kanda ya Ziwa. Kibali ninacho, barua ya chuo ninayo, roho kwatu. Nilijua kabila lipo kwenye karatasi, maana yeyote aliyewahi kuandikisha maelezo polisi anajua yanavyoanza: jina, umri, kabila, dini, kazi. Afande wa dawati, mama mmoja mkarimu sana, akanifungulia kaunta buku lao lililopigwa mistari kwa rula. Safu ya kabila ilikuwepo kweli. Mstari wa kwanza: "Msukuma". Wa pili: "do", yaani kama hapo juu. Wa tatu: "do". Hivyohivyo mpaka chini, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamuuliza, afande, hawa wote ni Wasukuma? Akacheka. "Mwanangu, mtu kaja na mtoto analia, wewe ungeanza na kabila?"

Kwenye majalada nako kuna mambo. Mtoto baba yake Mjita, mama Mhaya, analelewa na bibi mzaa mama. Aliyeandika kaweka Mhaya, si kwa sababu nyingine ila bibi ndiye aliyesimama pale kaunta. Sasa huyo utamweka safu gani?

Na hata zile safu zingejazwa vizuri, bado ungekwama. Kumbuka hesabu za sehemu shule ya msingi: kiasi juu, asili chini. Kiasi ungekipata kwa kuhesabu majalada. Asili huna (kwa maana zote mbili za neno, ukipenda). Sensa ya mwisho kuuliza kabila hapa kwetu ni ya 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na haikuuliza nani Mgogo, nani Mnyakyusa. Bila kujua Wagogo wako wangapi, huwezi kusema watoto wa Kigogo wanaumizwa zaidi au pungufu ya wengine. Ukiona mtu mtandaoni anagawa asilimia kwa kabila, muulize asili kaitoa wapi.

Kinachopatikana ni hiki. Kuna utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, kazi ya UNICEF, CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani) na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Walihoji vijana wa miaka 13 hadi 24, bara na Zanzibar. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wa kimwili ni karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume. Hizi ndizo za kutegemea, kwa sababu waliwafuata watu majumbani badala ya kungoja waje kituoni. Takwimu za polisi zinahesabu waliofika. Mahali penye dawati linalofanya kazi patang'ara kwa ubaya, na pale ambapo kesi zinamalizwa nyumbani kwa mbuzi wawili pataonekana kama peponi.

Kwa ukeketaji kuna mfululizo mrefu zaidi kwenye tafiti za afya na idadi ya watu: asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mwaka 1996, asilimia 8 mwaka 2022. Lakini wamegawa kwa mkoa. Utafiti wa 2015-16 uliipa Manyara asilimia 58, na hapo ndipo wengi hujikwaa: wanasoma "Manyara" wanaandika "Wamaasai". Wairaqw je? Wabarbaig? Wambugwe? Jedwali la mkoa halikuambii hayo.

Ukitaka kabila lililoulizwa rasmi, vuka mpaka. Kenya hawaoni haya. Sensa yao ya 2019 inakwambia Wakikuyu ni zaidi ya milioni 8, na utafiti wao wa afya wa 2014 ulitoa ukeketaji kwa kabila: Wasomali asilimia 94, Wasamburu 86, Wakisii 84, Wamaasai 78, Waluo na Waluhya chini ya 1. Huko kabila lina mantiki, kwani ukeketaji ni mila na mila ina wenyewe. Kipigo cha baba mlevi hakina jando. Na tafadhali usibebe namba ya Mmaasai wa Narok, Kenya, ukambandika wa Simanjiro, Manyara; msimamizi wangu alinirudishia sura nzima kwa kosa hilo.

Mimi mwishowe nilifuta safu ya kabila, nikaweka "aliyeleta taarifa": mama, mwalimu, jirani, bibi. Hiyo afande alikuwa ameijaza kila mstari, bila "do" hata moja. Kama wewe huwezi kabisa kuliacha kabila, basi liulize mwenyewe kwenye dodoso lako, la baba na la mama kila moja na nafasi yake, na uombe kibali cha maadili mapema maana swali hilo ndilo litakalowakalisha kamati.