Mchoro wa mtaa: mkutanoni nenda, ila usiishie hapo

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kwenda kwenye mkutano wa urasimishaji (kupanga na kupima mtaa uliojengeka bila mpango, kwa mchoro wa viwanja na barabara) wakati "mchoro wameshaumaliza ofisini". Nilikuwa kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, pembezoni mwa Dar, nikwambie tulivyoenda.

Mkutano wa kwanza uliitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Waliokuja ni wazee wenye nyumba. Mama lishe wako jikoni, bodaboda kijiweni, wapangaji kazini, na wengi wao wanaamini mambo ya mchoro ni ya baba mwenye nyumba. Si kweli. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, na mpangaji ni mkazi. Tukaomba wa pili uwe Jumapili jioni, wajumbe wa mashina wakapita nyumba kwa nyumba. Safari hiyo viti havikutosha.

Lakini kazi yenyewe ilifanyika kwa miguu. Tulibandika picha ya anga ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kisha tukapita vichochoroni na mpimaji tukiwa na watu wanaovitumia. Dada mmoja anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu alitupeleka kwenye njia ambayo kwenye picha imenyooka, haina shida. Katikati yake kuna chemba ya choo imenyanyuka mpaka magotini. Yeye hukatiza uani kwa jirani. Geti likifungwa, sokoni haendi. Mpimaji alikuwa ameshaiandika kuwa inapitika. Sisi wenyewe tunairuka kila siku, nani angekumbuka?

Ugomvi uko kwenye kumega viwanja kupisha barabara. Kila mtu anataka gari la majitaka lifike na jeneza lisipitishwe juu ya ukuta, ila barabara ipite kwa mwenzake. Msiharakishe hapo. Tulikubaliana kukata pande zote mbili, kila anayeguswa akasaini mbele ya mjumbe. Mzee mmoja alikataa katakata, barabara ikapinda kwake na imepinda mpaka leo. Bora hivyo kuliko kesi.

Mtu asikwambie kushirikishwa ni hisani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kwenye urasimishaji, inataja ushiriki wa watu ambao ardhi yao inarasimishwa. Wala si jambo geni hapa mjini. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi walijenga mifereji ya mvua kwa mikataba waliyopewa wao wenyewe. Tandale mwaka 2011 wakazi walichora ramani ya kata yao pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na kuanzia 2015 Ramani Huria, mradi wa wakazi kuchora ramani za maeneo yao, ikaipeleka kazi hiyo kwenye kata nyingine, hasa zile zinazofurika.

Mwisho, michango lipeni kwa risiti, na mchoro mliokubaliana upigeni picha kabla haujaondoka mtaani. Wetu uliporudi, uwanja wanaochezea watoto ulikuwa umeshakatwa viwanja vya makazi. Vijana wa bodaboda ndio walioshtuka kwanza. Kampuni iliyochora ikasema ndivyo tulivyopitisha. Tukatoa picha na muhtasari wa mkutano wenye saini na muhuri wa mtaa, wakafuta mchoro wao na kuchora upya, eneo la wazi likarudi.