Mpira mweupe haunirudii nyuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimecheza pool ya baa kwa miaka, sasa nimeanza snuka (mchezo kama pool, ila meza ni kubwa zaidi) klabuni. Nikitaka mpira mweupe urudi nyuma baada ya kugonga mpira mwingine, unasimama palepale au unafuata mbele. Nikiongeza nguvu, fimbo inateleza au mpira unaruka. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Nina hakika unalenga sehemu ya chini ya mpira, ila ncha ya fimbo inafika katikati. Karibu kila ninayemfundisha huanza hivyo, na hakuna anayekubali mpaka aone mwenyewe. Basi jipime. Kwenye meza ya pool chukua mpira wenye mkanda, wowote kati ya namba 9 na 15. Ufute, uuweke mkanda ukiwa umelala sambamba na meza. Paka chaki, upige kama unavyopiga mweupe, kisha uokote utafute doa la chaki. Likiwa katikati ya mkanda, umeshapata jibu. Tunalitaka karibu na ukingo wa chini. Likivuka ukingo huo, hapo ndipo fimbo inapoteleza.

Sasa, kushuka chini si kunyanyua kitako cha fimbo. Ukifanya hivyo unaukandamiza mpira kwenye kitambaa, ndiyo maana wako unaruka. Fimbo ilale karibu sambamba na meza. Kinachoshuka ni mkono wa mbele. Laza kiganja zaidi mpaka ncha ishuke yenyewe. Mkono wa nyuma ushike kwa ulegevu, usikaze wakati wa kugonga, na kichwa kisinyanyuke kutazama mpira umekwenda wapi. Ncha ipite pale mweupe ulipokuwa, kama upana wa kiganja, ndipo isimame.

Nyumbani laza chupa tupu ya soda mezani, uingize na kutoa ncha mdomoni mwake bila kugusa kioo. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu chupa inakusahihisha hata mwalimu asipokuwepo.

Kuhusu nguvu: mweupe huondoka ukiteleza huku ukijizungusha kinyume, na kitambaa kinaupunguza mzunguko huo njia nzima. Umbali ukiwa mrefu, mzunguko unaisha kabla ya kugonga. Kwa hiyo anza na sentimita 30 kati ya mweupe na mpira unaoulenga, mipira ikiwa imenyooka kwenye mstari mmoja. Kwanza usimamishe mweupe palepale, halafu shusha ncha kidogo kidogo mpaka urudi. Kasi utaiongeza unapoongeza umbali. Meza ya snuka ina futi 12, usikimbilie mipigo ya mbali.

Jambo la mwisho, chunguza mpira mweupe wa baa. Kwenye baadhi ya meza za kutumbukiza sarafu huwa mkubwa au mzito kuliko mingine, ili mashine iweze kuutenganisha na kuurudisha. Mweupe mzito hurudi kwa shida hata ukiupiga sawasawa. Wa snuka una kipenyo kilekile cha milimita 52.5 kama mingine yote, kwa hiyo zoezi la kurudisha lifanyie klabuni.