Mfumo unasema "yamehifadhiwa" ila jedwali halina kitu

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nimetengeneza mfumo wa duka la dawa kwa PHP, natumia fremuweki ya Yii 2. Kuna mauzo yanapotea, muuzaji anabonyeza hifadhi anaona "mauzo yamehifadhiwa", stoki inapungua kabisa, ila ukifungua jedwali la mauzo hamna kitu na kwenye logi hakuna erori. Nimezungushia transaksheni (ili yote yaingie pamoja au yasiingie kabisa) bado tu. Sheria niliyoweka kwenye modeli ni simu ya mteja isizidi herufi 10. Nikiandika save(false) inakubali, niache hivyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana mdogo wangu, usiache hivyo. save(false) haijatibu kitu, imezima ukaguzi tu, sasa hata data mbovu inapita.

Iko hivi, kwenye Yii data isipopita kwenye rules(), yaani zile sheria za modeli, save() hairushi eksepsheni (erori inayokatisha kodi), inarudisha false basi, kimya kimya, na kodi yako haikuuliza imerudisha nini, ikaenda mstari unaofuata ikapunguza stoki na kuonyesha ule ujumbe wa kijani. Transaksheni nayo inajirudisha nyuma eksepsheni ikirushwa, hapa haikurushwa, kwa hiyo ikakomiti, yaani ikathibitisha, nusu ya kazi. Muuzaji akiandika 0712 na kuendelea inapita, ila akikopi namba kutoka WhatsApp ikaja na +255 hizo ni herufi 13, mauzo yote yanakataliwa.

Kwa hiyo kila save() iliyo ndani ya transaksheni iulize: if (!$mauzo->save()), hapo andika $mauzo->getErrors() kwenye logi halafu rusha eksepsheni mwenyewe, stoki itarudi ilivyokuwa. Muuzaji mwambie kitu anachoweza kurekebisha, kwamba namba ya simu ni ndefu, sio "erori imetokea".

Databezi yenyewe ikigoma ni habari nyingine, hapo eksepsheni inarushwa bila wewe kufanya kitu, mfano IntegrityException namba ya risiti ikijirudia. Na usitegemee sheria ya unique (ya kuzuia namba isijirudie) peke yake, yenyewe inauliza kwanza ndo inaingiza, wauzaji wawili wakibonyeza pamoja wote wanaambiwa namba iko huru. Weka unique indeksi kwenye MySQL kabisa. Catch tupu, inayodaka eksepsheni bila kufanya kitu, usiweke popote, nakuomba sana.

Kuna mtego mmoja wengi hawaujui. Mauzo yakiingia vizuri halafu stoki ikafeli na transaksheni ikarudi nyuma, ile objekti ya $mauzo bado inajiona imeshahifadhiwa, ina id na isNewRecord yake ni false, yaani haijihesabu mpya tena. Ukiita save() tena inafanya update kwenye mstari ambao haupo, inagusa mistari 0, na inakurudishia true! Ukitaka kujaribu upya tengeneza objekti mpya.

Na hili usilichukulie poa, mwenye duka akiona dawa zimetoka na mauzo hayapo wa kwanza kushukiwa ni muuzaji. Leo hii chukua risiti za karatasi au miamala ya simu ya duka, linganisha na stoki iliyopungua, yaliyokosekana yaingize upya kwa tarehe zake, halafu mweleze mwenye duka kwamba kosa lilikuwa la mfumo.