Rangi ya Tumbo la Mashua: Ushauri kwa Wenye Matanga Kisumu

Januari ikifika, jua limeshakausha ufuo na masika bado yako mbali, watu huanza kuniuliza wanunue rangi gani ya kuzuia mwani chini ya mashua zao. Nami huwarudishia swali: mashua yako hulala wapi?

Kama hulala juu ya trela au imevutwa nchi kavu, nawe huishua Jumamosi na kuipandisha jioni ileile, hela zako ziache mfukoni. Mwani hauna nafasi ya kushika kwenye kitu kinachokauka kila siku. Ioshe kwa maji safi, ipake nta mara mojamoja, basi. Rangi ya kuzuia mwani ni ya mashua inayolala majini, imefungwa kwenye boya wiki baada ya wiki, jinsi baadhi yetu tunavyofanya huku Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Jambo la pili ambalo wengi hawaliwazii ni kwamba rangi nyingi za aina hii zimetengenezewa bahari. Baharini adui ni wale viumbe wenye magamba makali wanaojigandisha kwenye mbao hadi uwang'oe kwa patasi. Ndiyo maana wenzetu wa pwani, tangu enzi za majahazi, walipaka deheni ya mafuta na chokaa chini ya vyombo vyao. Ziwa letu ni la maji baridi na viumbe hao hawaishi humu. Sisi tunasumbuliwa na ute wa kijani, mwani wa nyuzinyuzi, konokono, na gugumaji linalosukumwa na upepo hadi likakwaruza mstari wa maji. Kwa hiyo usishawishiwe na kopo lenye shaba nyingi kuliko yote dukani; shaba ndiyo sumu inayozuia viumbe kushika. Nguvu hiyo unailipia bure, na shaba yenyewe inaishia ziwani. Uswidi hawaruhusu kabisa rangi zenye sumu kwenye maziwa yao. Sisi tunavua humu, na maji ya bomba ya Kisumu mengine huvutwa palepale Dunga.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni laini, humomonyoka polepole mashua inapokwenda, na kila tabaka linapotoka jipya hujitokeza. Ya pili ni ngumu, hubaki mahali pake na unaweza kuifuta kwa sponji bila kuibandua. Laini huhitaji mwendo: mashua inayokaa kwenye boya mwezi mzima bila kutweka tanga haifaidi sana. Kwa mashua ya ziwani isiyotoka majini mwaka mzima, mimi napendelea ngumu yenye shaba kidogo, nikiifuta mara kwa mara. Ubaya wake ni kwamba nyingi ya rangi ngumu hupoteza nguvu zikikaa nchi kavu muda mrefu. Kama mashua hulala majini lakini unaipandisha na kuishua mara kwa mara, chagua ile laini ambayo kopo lake linasema wazi kuwa inavumilia kukauka.

Mwenye mashua ya alumini asiguse rangi ya shaba hata kidogo. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini huliwa. Kuna rangi za alumini zisizo na shaba, tafuta hizo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Watu wa fibaglasi hulumbana kuhusu rangi ya juu huku wakisahau kilichoko chini yake. Maji baridi hupenya gelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, kwa urahisi kuliko maji ya chumvi, na maji yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima, jambo linaloongeza kasi. Yakishaingia, huyeyusha mabaki ya kemikali ndani ya fibaglasi, presha hujengeka, na malengelenge huota. Ukitoboa moja hutoka majimaji yenye harufu kali kama siki. Dawa ni kupaka epoksi, utomvu mgumu unaozuia maji kupenya, tabaka kadhaa mapema, mashua ikiwa kavu kweli, kabla ya rangi yoyote. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwaka huu, nunua epoksi. Mwani utausugua, lakini malengelenge huwezi kuyasugua.

Kusugua kwenyewe, tafadhali usifanye ukiwa umesimama majini hadi magotini. Konokono wanaobeba kichocho hupenda majani ya gugumaji na maji yaliyotulia ya ukingoni, na vijidudu vyao huingia mwilini kupitia ngozi, hasa saa za mchana. Ivute mashua nje kwanza.

Ikishatoka nje, ikwangue ingali mbichi. Ute ukikauka hugeuka ganda na kazi huwa mara mbili. Rangi ya zamani ipige msasa wa maji, kamwe usiipige kavu, kwa sababu vumbi lake ni sumu nawe utalivuta. Vaa barakoa, glavu na miwani. Mashua ya kale iliyonunuliwa kutoka nje hudai tahadhari zaidi, kwani huenda tabaka za chini zina TBT, ile sumu ya bati iliyoharibu chaza wa Arcachon kule Ufaransa na kupigwa marufuku duniani kwa mkataba wa 2001, ulioanza kutumika 2008. Tandika turubai chini, kusanya makwaruzo yote kwenye gunia, yasifagiliwe ziwani.

Kupima kiasi cha rangi si vigumu. Chukua urefu wa mashua kwenye mstari wa maji, uzidishe kwa jumla ya upana na kina cha chini ya maji. Kwa mashua ya mkuku mrefu, yaani uti wa chini unaokwenda mbele hadi nyuma, chukua robo tatu ya jibu hilo. Mashua ya aina hiyo yenye mita 6 kwenye mstari wa maji, upana mita 2.2 na kina mita 1, inakupa kama mita 14 za mraba. Lita moja hufunika takriban mita 10 kwa tabaka moja, kwa hiyo tabaka mbili zinakula karibu lita 3.

Kisumu paka asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijapanda sana. Saa sita rangi hukauka kwenye rola kabla hujaieneza, na alasiri mvua hutokea ghafla. Koroga kopo mpaka chini kabisa, kwa kuwa shaba hutuama, na usiongeze thina kupita kipimo cha kopo. Tabaka la kwanza lipake rangi tofauti na la pili, kwa mfano nyekundu chini ya bluu. Nyekundu ikianza kuonekana unajua muda umefika. Ongeza tabaka la tatu kwenye mstari wa maji, ukingo wa mbele wa mkuku na usukani, maana hapo ndipo maji na gugumaji husugua zaidi. Usipake kipande cha chuma cha kujitoa mhanga, kile kinacholiwa na maji badala ya vyuma vingine vya mashua, wala kifaa cha kupimia kina.

Pale stendi, ile nguzo inayoishikilia mashua nchi kavu, inapoegemea patabaki bila rangi. Wasubiri vijana wawili au watatu, sogezeni stendi hatua moja huku wengine wameshikilia, mpake hapo siku inayofuata. Kisha soma kwenye kopo saa za kungoja kabla ya kushua. Rangi nyingine hutaka saa chache, nyingine huruhusu siku kadhaa, na baadhi hazitaki kukaa kavu zaidi ya muda huo, kwa hiyo panga vijana wa kusukuma kabla hujafungua kopo la mwisho.