Subaru GDB imeshushwa, tairi za nyuma zinaliwa ndani: linki za kurekebisha zitaponya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Impreza STI GDB (hiyo ni kodi ya bodi yake) ya 2003, nimeishusha na koilova (springi na shokapu za kurekebisha urefu) mwaka jana, toka hapo tairi za nyuma zinaisha upande wa ndani tu, nje bado mpya kabisa. Nimeshanunua seti ya linki za nyuma za kurekebisha urefu, zina rozi jointi (kiungo cha chuma chenye tufe linalozunguka, bila mpira) pande zote, muuzaji anasema zinaingia Subaru yoyote. Nina na bushi za poli (plastiki ngumu badala ya mpira) za treilingi amu. Gari naendea kazini kila siku, Mbezi mpaka Posta, na kipande cha kuingia home ni vumbi tupu. Nataka kufunga mwenyewe na mshikaji wangu wikiendi. Nizingatie nini?

JIBU: Marahaba kijana. Kwanza huyo muuzaji anakupanga, hakuna linki ya "Subaru yoyote". GDB yako nyuma ina shokapu ya kusimama, halafu chini kila upande kuna linki mbili za kukatiza, ya mbele na ya nyuma, na treilingi amu inayokwenda mbele. Impreza zilizoanza 2007 mfumo wa nyuma ulibadilika kabisa, ni wishboni mbili, vitu haviingiliani. Hata ndani ya GDB zenyewe, STI ya 2005 ilihamia habu (sehemu inayoshika gurudumu) za nati tano kwenye duara la milimita 114.3, yani 5x114.3, wakati yako ni 5x100, kwa hiyo chukua linki ya zamani na mpya ziweke sambamba chini, pima katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, kabla hujalaza gari.

Sasa tairi kuliwa. Watu wote wanalaumu kemba, yani tairi kulala kichwa ndani, na ni kweli ukishusha gari kemba inaongezeka. Ila kemba ya nyuzi moja na nusu peke yake haimalizi tairi kwa kasi unayoisema. Kinachokula ni tou, yani tairi kuangalia ndani au nje: tairi la nyuma likiangalia nje hata kidogo linaburuzwa lami yote ya Morogoro Road, na kwa sababu limelala ndani basi upande wa ndani ndio unaolipa. Na tou ya nyuma kwenye gari yako inarekebishika bila kununua chochote, kuna bolti yenye kemu (ukiizungusha inasogeza linki) kwenye linki ya nyuma, mwisho wa ndani, pale inaposhika krosimemba, ile fremu ya chuma chini ya gari. Uliposhusha gari ulipeleka alaimenti (kupima na kunyoosha matairi) ya magurudumu manne au walikupimia mbele tu? Nauliza kwa sababu gereji nyingi zinapima mbele tu na kukuambia tayari.

Kama baada ya kupima kemba bado imezidi nyuzi mbili, hapo linki zina kazi. Ukizifupisha zote mbili sawasawa unavuta chini ya tairi ndani, kemba inapungua. Ukirefusha ya nyuma peke yake, nyuma ya tairi inasukumwa nje, unapata tou ya kuangalia ndani. Kwa gari la kazini mimi naweka kemba nyuzi moja hadi moja na nusu, na tou ndani kidogo sana, milimita moja mpaka mbili kwa jumla ya tairi zote mbili.

Kufunga kwenyewe, kitakachowatoa jasho ni ile bolti ndefu inayopita kwenye linki na habu kwa chini. Gari imetoka Japani ambako barabara za theluji zinamwagwa chumvi, ikaja kukaa Dar na hewa ya bahari, ile bolti imeshika kutu ndani ya slivu (bomba dogo la chuma) za bushi na ni kama imechomelewa. Pulizeni oili ya kulegeza kutu siku moja kabla, na tena asubuhi. Nati ilegezeni lakini msiitoe, iacheni ifunike mwisho wa bolti ndio mgonge, la sivyo mnaponda nyuzi za bolti. Ikigoma kata kwa grinda kati ya linki na habu, bolti mpya mnunue mapema kabisa kabla ya kuanza maana kuitafuta Jumapili mchana gari ikiwa juu ya stendi ni mateso, na nati za loki weka mpya, zile hazirudiwi. Moto wa gesi msitumie, tanki la mafuta na paipu zake viko karibu hapo.

Kabla ya kulegeza ile bolti ya kemu piga alama ya rangi ilipokuwa. Fungua stabilaiza linki (zinazoshika ile baa ya kuzuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili, ukiacha moja inavuta na utapigana nayo bure. Waya wa sensa ya ABS toa kwenye klipu zake, kalipa (ile inayobana pedi za breki) ukiifungua ifunge juu na waya, isining'inie kwa hozi ya breki. Linki mpya irekebishe ilingane na ya zamani kwanza, utakuja kuigusa kwenye mashine ya alaimenti.

Halafu hapa nisikilize. Kila bolti inayoshika bushi ya mpira, kaza mwisho wakati tairi imebeba uzito wa gari. Bushi ya mpira slivu yake inabanwa isizunguke, mpira ndio unaojikunja. Ukikaza gari ikiwa hewani, siku ya kushusha mpira unakamuliwa kama nguo, unakaa hivyo masaa yote na baada ya muda unachanika, na gari inasimama juu kuliko unavyotaka. Kama hamna shimo la gereji, wekeni jeki chini ya habu, pandisheni mpaka gari ianze kunyanyuka kidogo kwenye stendi, kazeni hapo kwa toki renchi kwa namba za manyuo (kitabu cha ufundi) ya GDB. Rozi jointi haina shida hiyo, inazunguka yenyewe.

Ila hizo rozi jointi ndizo zinazonitia wasiwasi. Vumbi la njia ya kwako litaingia, ule utando wa ndani unaosuguana na tufe utaisha na utasikia kok kok kila tuta. Kama muuzaji anakubali kurudisha, badilisha uchukue zenye bushi ya mpira nje na sehemu ya kurekebisha katikati. Kama harudishi, tafuta vifuniko vya mpira vya kuzivalisha, na nyuzi za kurekebishia ziwe zimeingia angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti yake, usije ukarefusha mpaka zikabaki nyuzi mbili tatu. Loki nati kaza, piga mstari wa rangi, urudi kuziangalia baada ya kilomita mia mbili hivi.

Bushi za poli za treilingi amu ziache kwenye boksi. Ile amu haipandi na kushuka tu, inayumba pembeni kidogo kufuata linki, mpira unairuhusu, poli inakataa. Kwa traki sawa, kwa Mbezi Posta utasikia kila shimo mgongoni. Kama bushi za sasa zimepasuka weka mpya za mpira, na kwa kuzitoa nenda kwenye presi, msizigonge na nyundo.

Mkimaliza endesha polepole moja kwa moja mpaka kwenye alaimenti, waambie wapime nyuma kwanza ndio waje mbele, na wakupe karatasi yenye namba za kabla na baada. Tairi zilizoshaliwa ndani usizigeuze kwenye rimu kama kamba zimeanza kuonekana, hizo ni za kutupa.